DRO Yako Inasoma Vibaya? Anza na Breketi, Kisanduku Kije Mwisho

DRO ni kile kipimo cha kidijitali kinachoonyesha kwa namba meza ya mashine ya milingi, ile inayokata chuma kwa kisu kinachozunguka, imesogea kiasi gani. Yangu ilinidanganya siku moja. Ilikuwa sahani ya kufungia mota, matundu manne ya pini, kila upande mm 100. Kijana wangu wa karakana alitoboa, akapitisha rima, na kioo cha DRO kilimwonyesha 100.000 kila alikofika. Mteja akaleta mota yake. Pini tatu zikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, ya nne ikagoma kabisa. Kijana akaikodolea macho mashine, akasema, "Mzee, hii namba ina mapepo."

Nikamwambia akaze loki ya meza, aweke sifuri, kisha aibonyeze breketi ya skeli kwa kidole kimoja kama anavyobonyeza kengele ya mlangoni. Akabonyeza. Meza imefungwa, haijasogea hata unywele, lakini kioo kikatoka 0.000 kikaenda 0.045. Akaachia, kikarudi. Mapepo yenyewe yalikuwa kipande cha bapa la aluminiamu, unene mm 3, nilichokikata mimi mwenyewe siku ya kufunga kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na mkono.

Skeli inasoma pale ilipofungwa. Haioni kisu, haioni kazi iliyobanwa kwenye jiliwa. Kati yake na ncha ya kisu kuna breketi, bolti, meza, reli, nguzo, kichwa cha mashine, spindo inayozungusha kisu na koleti inayokishika. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kulegea au kupinda bila kisanduku kujua. Kwa hiyo mtu akiniambia DRO yake mbovu, siulizi kwanza ni ya kampuni gani. Nauliza breketi ina unene gani.

Tuelewane majina kabla hatujaenda mbali. Skeli ni ile rula ndefu inayofungwa kwenye mhimili wa X (kushoto na kulia), Y (mbele na nyuma) au Z (juu na chini). Kisomaji ni kile kipande kinachoteleza juu yake na kutoa waya. Kisanduku ni chenye kioo na vitufe. Aina tatu ndizo utakazokutana nazo kwenye mashine ndogo. Ya kwanza ni ya kioo, ambayo ndani ya bomba la aluminiamu ina ukanda wa kioo wenye mistari myembamba inayosomwa kwa mwanga. Ya pili ni ya ukanda wa sumaku. Ya tatu ni zile za bei nafuu zinazofanya kazi kama kalipa ya kidijitali, nyingi zikitumia betri. Nitazungumzia zaidi ya kioo kwa sababu ndiyo iliyonisumbua zaidi.

Kipimo cha kuanzia

Usifungue kitu chochote kabla hujafanya hili. Chukua saa ya kupimia, ile ya sindano yenye mgawanyo wa mm 0.01. Mguu wake wa sumaku ukae kwenye kichwa cha mashine, ncha iguse kipande cha chuma kilichobanwa kwenye jiliwa. Leta meza taratibu kutoka kushoto mpaka sindano ifike sifuri, na hapo hapo weka DRO sifuri.

Sasa rudisha meza kushoto, iendeshe mwendo wake wote kwenda na kurudi mara 20, ukijihadhari usiigonge saa. Mara ya mwisho ije tena kutoka kushoto mpaka sindano iguse sifuri ile ile. Soma kioo, andika. Kisha ipitishe meza mbele kidogo, sindano izunguke nusu duru hivi, uirudishe sasa kutokea kulia mpaka sifuri. Soma tena, andika.

Ukitokea kushoto ukapata sifuri, na ukitokea kulia ukapata tofauti ile ile kila mara, tuseme 0.040, kuna kitu kinapinda au kinateleza. Hilo ni tatizo la vyuma. Ukitokea upande ule ule wa kwanza usipate sifuri, na kosa likawa linakua kila unaporudia, skeli inapoteza hesabu, na hapo shuku uchafu, pengo la kisomaji, waya au umeme. Pande zote zikirudi sawasawa na bado kazi zako haziingiliani, DRO haina kosa. Ugonjwa uko mahali ambapo skeli haifiki, na nitakuja huko mwishoni.

Namba inategemea umetokea upande gani

Wengi huona hali hii wakadhani ni plei, yaani ulegevu, ya skrubu ya meza. Siyo. Uzuri wa DRO ni kwamba inapima meza yenyewe, haipimi mzunguko wa mkono wa kuendeshea. Skrubu inaweza kuwa na plei ya nusu milimita, na kioo bado kikasema ukweli kuhusu meza ilipo. (Plei hiyo bado ni hatari ukikata kwa kufuata mzunguko wa kisu, maana kisu kitaivuta meza, lakini hayo ni mengine.) Kioo kikitofautiana na sindano kwa upande, mtuhumiwa ni breketi.

Kisomaji cha skeli ya kioo kina midomo ya mpira inayozuia chenga zisiingie. Midomo hiyo inakwaruza, na mkwaruzo huo ndio unaovuta breketi huku na kule kila meza inapogeuza mwelekeo. Nguvu yake ni ndogo, lakini bapa jembamba lililochomoza sentimita 10 halihitaji nguvu kubwa. Hesabu yake ni rahisi: ukizidisha unene wa bapa mara mbili, ukakamavu unapanda mara nane. Ukifupisha urefu wake nusu, unapanda mara nane pia. Nilipotoa bapa la mm 3 nikaweka la mm 10, ile 0.045 ya kidole ikawa haionekani kwenye kioo.

Kama huna nafasi ya bapa nene, tumia pembe ya chuma, au chomelea mbavu nyuma. Tumia bolti mbili kila mwisho. Bolti moja ni bawaba. Angalia pia matundu marefu ya kurekebishia, kwa sababu washa nyembamba juu ya tundu refu huzama na kulegea baada ya wiki mbili za mtikisiko. Weka washa nene, ngumu. Na kama ulifunga juu ya rangi, rangi ni mto laini, bolti haikazi chuma kwa chuma. Kwangua rangi pale tu breketi inapokaa.

Matundu ya bolti kwenye chuma cha kumimina hayahitaji ufundi wa ajabu: M4 inatobolewa kwa 3.3, M5 kwa 4.2, halafu hesi kwa tapu. Chomoa mashine kwenye umeme kwanza, na angalia upande wa pili kuna nini. Nimemwona mtu akitoboa mpaka kwenye njia ya mafuta ya reli.

Baada ya breketi, angalia skeli yenyewe imekaaje. Pitisha ncha ya saa ya kupimia juu ya bomba la skeli kutoka mwisho hadi mwisho huku meza ikitembea, mara moja usoni, mara moja juu. Mimi najipa mm 0.1 kwa urefu wote. Mgongo wa meza kwenye mashine ndogo mara nyingi haukuchongwa, ni chuma cha kumimina kilichopakwa rangi, kina mawimbi. Ukiikaza skeli moja kwa moja juu ya mawimbi hayo, bomba la aluminiamu litafuata mawimbi, na kisomaji kitakuwa kinabanwa hapa, kinaachiwa pale. Itenge kwa vipande vya bati vyembamba nyuma ya kila bolti, au weka bapa lililonyooka kwanza kisha skeli juu yake.

Kisomaji kipya huja na vibano vya plastiki vya safarini, mara nyingi vyekundu au vya rangi ya chungwa. Vibano hivyo vinakishika kisomaji katikati na kwenye pengo sahihi. Usivitoe mpaka breketi imekazwa, na usikaze breketi kwa kuvuta kisomaji kiifuate. Jaza nafasi kwa vipande vya bati mpaka bolti iingie kwa vidole tu, ndipo ukaze, ndipo utoe plastiki. Na uzitoe kweli. Nimeitwa mara moja kwenda kutazama DRO iliyosomeka vizuri upande mmoja wa meza tu. Kibano kimoja kilikuwa bado kipo ndani.

Hesabu inapotea kidogo kidogo

Skeli za kioo zilizozoeleka zina mistari yenye hatua ya mm 0.020. Kisomaji hutoa ishara mbili, A na B, moja ikiitangulia nyingine kwa robo ya wimbi. Kisanduku huhesabu kila badiliko, manne kwa kila hatua, ndiyo maana namba inapanda kwa 0.005. Kutokana na hapo unaweza kusoma aina ya kosa: kisomaji kikiruka hatua nzima, kosa huja kwa mafungu ya 0.020. Ukiona umepotea 0.020, kesho 0.040, kesho kutwa 0.060, usihangaike na breketi tena. Kuna mahali kwenye ukanda wa kioo ndani ya skeli ambapo hapasomeki.

Patafute. Sogeza meza sentimita mbili mbili, ukirudi kwenye saa ya kupimia kila mara. Mahali kosa linapoanzia ndipo penye tone la mafuta au chenga. Toa kifuniko cha mwisho wa skeli, toa kisomaji kwa upole, futa ukanda wa kioo kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa pombe safi ya isopropili. Usiguse kioo kwa kidole. Usitumie petroli wala tina, maana vitaiharibu midomo ya mpira.

Unajiuliza chenga ziliingiaje? Kwa kompresa. Kupuliza meza kwa upepo ndiyo tabia tuliyoizoea sote, na upepo ule unafungua midomo ya mpira na kusukuma uchafu ndani kwa nguvu. Tumia brashi. Na siku ya kufunga, midomo itazame chini au iipe kisu mgongo, kisha weka kifuniko cha bati juu ya skeli, kilichoachana nayo. Kifuniko kinachogusa skeli kitaanza siku moja kuikwaruza.

Kwenye ukanda wa sumaku maji na mafuta havisumbui sana, lakini ukanda huo una adui wake: sumaku nyingine. Ule mguu wa sumaku wa saa ya kupimia ukiupachika juu ya ukanda, au ukapitisha ile fimbo ya kuokotea skrubu, utakuwa umefuta sehemu ya kipimo, na sehemu hiyo haitasomeka tena mpaka ubadilishe ukanda. Chenga laini za chuma nazo hung'ang'ania hapo. Zitoe kwa utepe wa gundi, usizisugue.

Namba zinaruka zenyewe

Kaza loki zote tatu. Washa spindo bila kukata kitu. Namba zikianza kutembea, huo ni umeme. Zikitulia, kisha zikatembea unapokata tu, rudi kwenye breketi na gibu, kile kipande chembamba cha chuma kinachobana reli, maana huo ni mtikisiko. Tarakimu ya mwisho kupepesuka kati ya 0 na 5 siyo ugonjwa. Skeli imesimama juu ya mpaka wa mistari miwili, inasita.

Tatizo la umeme lililonitesa zaidi halikuwa la mashine yangu. Jirani ana kazi ya kuchomelea mageti, na tuko kwenye laini moja. Kila akigusisha fimbo, kisanduku changu kinawaka upya kutoka mwanzo, sifuri zote zimekwenda. Nilinunua kichujio, nikabadilisha waya, nikapoteza wiki. Mwishowe nikafungua ile soketi ya kurefushia niliyokuwa nimechomekea mashine na kisanduku. Ina matundu matatu, plagi ya miguu mitatu, kila kitu cha kutia imani. Ndani nyaya zilikuwa mbili. Mguu wa athi haukuunganishwa na kitu chochote.

Kwa hiyo anza na mita, kabla ya vichujio. Chomoa plagi kwenye ukuta, pima ukinzani kati ya mguu wa athi wa plagi na chuma kitupu cha mashine. Unatakiwa upate chini ya omu 1. Kisha pima kati ya chuma cha mashine na bomba la skeli, na kati ya mashine na ganda la kisanduku kama ni la chuma. Rangi na bomba lililopakwa kinga huzuia mguso, kwangua kidogo chini ya bolti moja ya kila skeli. Kama kisanduku kina skrubu ya athi nyuma, ivute kwa waya wake hadi kwenye bolti moja ya mashine, nyaya zote za athi zikutane hapo. Ukiziunga kwa mnyororo, kutoka hiki kwenda kile, umejitengenezea antena.

Mtuhumiwa wa pili ni kidhibiti cha kasi ya mota, hasa zile mashine zenye kitufe cha kuzungusha kasi. Kidhibiti hukata umeme vipande vipande maelfu ya mara kwa sekunde, na waya wa mota unarusha kelele kwa chochote kilicholala kando yake. Tenga nyaya za skeli na waya wa mota kwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisilale pamoja. Ziada ya waya wa skeli usiizungushe duara ukaifunga nyuma ya kisanduku cha umeme cha mashine, pamoja na kwamba ndipo panapoonekana nadhifu. Pete ya feraiti karibu na plagi ya skeli inasaidia, lakini ni dawa ya mwisho.

Kama huna uhakika ni mashine au nyumba, kilishe kisanduku cha DRO kwa waya mrefu kutoka chumba kingine chenye athi ya kweli, kwa dakika tano tu za jaribio, mashine ikiwa imezimwa. Namba zikitulia hata jirani akichomelea, umeshajua pa kutafuta.

Kioo hakihesabu kabisa

Hii ni rahisi kuliko zote. Zima, badilishana plagi za X na Y nyuma ya kisanduku, washa. Ugonjwa ukihama pamoja na skeli, ni skeli au waya wake. Ukibaki kwenye mstari ule ule wa kioo, ni kisanduku. Namba ikipanda 0.005 na kushuka 0.005 bila kwenda popote huku meza inatembea, ishara moja kati ya A na B imekufa. Kisanduku kinaona hatua lakini hakijui mwelekeo. Tazama pini zilizopinda kwenye plagi, kisha waya pale unapoingia kwenye kisomaji, kwa kuwa hapo ndipo unapokunjwa kila siku. Acha mkunjo mpana, unaotembea na meza bila kuvutwa.

Kama Z haihesabu na mashine yako ina kwili, ule mkono wa spindo unaoshuka peke yake kama wa drili, usifungue kitu kwanza. Huenda skeli iko kwenye nguzo na wewe unashusha kwili. Haiuoni mwendo huo.

Kosa lina uwiano

Sogeza mm 10 kwa saa ya kupimia, au kwa kipande unachojua urefu wake, utazame kioo. Kikisema 2.000, skeli ni ya maikroni 5 na kisanduku kimewekwa maikroni 1. Kikisema 50.000, ni kinyume chake. Kikisema 20.000, umewasha hesabu ya kipenyo, ile ya mashine ya kukereza. Kikisema 0.394, uko kwenye inchi. Namba ikipungua pale unapotaka iongezeke, geuza mwelekeo kwenye mipangilio, usiing'oe skeli. Visanduku vingine vina pia hesabu ya kusinyaa kwa ajili ya watengeneza kalibu, na ikiwashwa kwa bahati mbaya kila kipimo hupotoka kwa asilimia ile ile.

Watu hupenda kulaumu skeli iliyokaa mshazari. Hesabu haiwaungi mkono sana. Skeli iliyopotoka mm 3 kwa urefu wa mm 300 inakosea mm 0.015 tu kwa urefu huo wote. Mshazari utaua kisomaji kwa kukibana kabla haujaharibu kipimo. Kwa hiyo ukikuta kosa la mm 0.1 kwa mm 100, usiende kwenye fidia ya mstari, ule mpangilio wa kisanduku unaosahihisha namba kwa uwiano, kulipaka rangi. Fidia ni ya kusahihisha mabaki baada ya kila kitu kukazwa, na inahitaji kipande cha urefu unaoaminika, siyo venia ya kalipa ya sokoni.

Kosa jingine la kipumbavu, nalo limenipata: kati ya ABS (kipimo kutoka sifuri kuu) na INC (kipimo kutoka sifuri ya muda). Umeweka sifuri kwenye moja, unasoma kwenye nyingine. Na kitafuta ukingo cha mm 10 kina nusu kipenyo cha mm 5. Kila ukingo unataka ile 5 iondolewe au iongezwe kwa upande sahihi. Matundu yote yakiwa yamehama pamoja kwa mm 5 kamili, au kwa mm 10 kamili, usiguse skeli.

Skeli za betri

Tarakimu zikipepesa, betri imechoka. Tumia SR44, siyo LR44, ingawa zinalingana umbo. SR44 hushikilia volti zake karibu 1.55 mpaka mwisho, LR44 hushuka taratibu na namba huanza kuyumba kabla hujaonywa. Maji ya kupozea yakiingia kati ya kisomaji na skeli, namba huganda au hukimbia. Ikaushe, usiipasue. Na kama ina tundu linalofanana na USB, umbo tu haliifanyi kuwa USB, kwa hiyo usichomeke chaja ya simu humo.

DRO ni nzima, kazi ni mbaya

Hapa narudi kwa yule mteja wa mota. Tulibadilisha breketi, kipimo cha saa kikarudi sifuri pande zote mbili. Tukatoboa sahani mpya. Pini ya nne ikaingia, lakini kwa nyundo. Nikapima mishazari ya mraba ule wa mm 100, ambayo kila mmoja ungepaswa kuwa 141.42. Mmoja ulizidi mwenzake kwa karibu 0.07. Skeli ya X inasoma X, ya Y inasoma Y, hakuna inayojua kama mihimili hiyo miwili imekutana kwa pembe mraba. Yetu ilipotoka mm 0.05 kwa kila mm 100, kwa sababu gibu ya Y ilikuwa imelegea na kitandiko kinachobeba meza kinakaa mshazari. Kukaza gibu kulichukua robo saa.

Gibu iliyolegea inaleta hila nyingine. Meza ikisokota mm 0.02 kwa kila mm 100, na skeli yako iko nyuma ya meza, mm 150 kutoka kisu kilipo, kioo na kisu vinatofautiana mm 0.03. Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe aliliandika jambo hili mwaka 1890: kipimo kiwe kwenye mstari mmoja na kinachopimwa. Kwenye mashine ya milingi haiwezekani, kwa hiyo kinachobaki ni kuzuia msokoto. Kaza gibu mpaka mkono wa kuendeshea uwe mzito kidogo, kisha legeza skrubu yake robo ya mzunguko.

Upande wa Z, tazama mambo mawili yanayofanana kwa sura. Kisu kikigusa chuma na kioo kikaruka ghafla 0.2, kichwa kilikuwa kimening'inia kwenye gibu iliyobana na sasa kimeshuka kwenye plei ya skrubu yake. Kioo kimekwambia kweli, mshukuru. Lakini ukikaza loki ya nguzo na kioo kisibadilike, ilhali kisu kimeinama, skeli haiwezi kukuambia. Weka saa ya kupimia chini ya spindo, kaza loki, uone sindano. Kisha ujenge mazoea: kaza loki kwanza, weka sifuri baadaye.

Na kuna joto. Karakana yangu iko Dar, chini ya bati. Aluminiamu hurefuka maikroni 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Kipande cha mm 100 kilichotoka kukatwa, kikiwa na nyuzi 25 zaidi ya kile kitakachopachikwa nacho, ni kirefu kwa karibu mm 0.06, na DRO itakuwa imekata sawasawa kabisa. Kijana alinipinga kwa hilo mpaka siku alipopima bloku saa nane mchana, akaandika namba kwa chaki ubavuni, akaiacha kwenye ndoo ya maji akaenda kula. Aliporudi akapima tena kwa maikromita ile ile. Hakusema kitu, alifuta chaki kwa kiganja akaandika upya.